Santuri za marehemu baba: nizioshe kwa kitu gani?

"Shikamoo fundi. Mimi ni binti wa Kirumba, Mwanza. Marehemu baba alikuwa na hoteli ndogo karibu na Mwaloni, pale kwenye soko la samaki, na santuri zilikuwa zikilia mle tangu chai ya asubuhi mpaka anafunga usiku. Ametuachia kasha la bati lenye santuri 64. Nyingi ni zile ndogo za wimbo mmoja kila upande, LP, zile kubwa za nyimbo kadhaa kila upande, ziko kumi na mbili, na kuna tisa nyeusi nzito ambazo zilikuwa za babu. Nimepata mashine ya kuzipigia, lakini zinakwaruza mpaka maneno hayasikiki. Jirani ananiambia nitumie spiriti ya duka la dawa. Kaka yangu anasema sabuni ya unga na maji ya bomba vinatosha. Kijana mmoja wa Makoroboi anataka kuniuzia dawa ya kusafishia vioo. Nitumie kipi? Na bahasha zake zimeliwa na unyevu, lakini zina mwandiko wa baba. Nizitupe?"

Marahaba, binti yangu. Mungu amlaze baba mahali pema. Kabla sijasema lolote kuhusu sabuni, fanya jambo moja leo: zitoe zile tisa za babu kwenye kasha, uziweke chumba kingine, na umwambie kila aliye nyumbani kwamba spiriti isizikaribie. Jirani yako ana nia njema, na kwa zile ndogo ushauri wake una ukweli ndani yake. Kwa zile tisa ungekuwa ndio mwisho wake.

Ukizitazama, zote ni sahani nyeusi, lakini zimetengenezwa kwa vitu viwili visivyo na undugu. LP ya kwanza ilitolewa na kampuni ya Columbia huko Marekani mwaka 1948, na ile ndogo ya mizunguko 45 ikafuata mwaka 1949 kutoka RCA Victor. Hizo ni za plastiki, ukoo mmoja na mabomba ya PVC yanayoleta maji nyumbani kwako, na sisi tunaiita vinaili. Zilizotangulia, za mizunguko 78 kwa dakika, ni za shelaki: utomvu unaotolewa na wadudu wadogo huko India na nchi za jirani yake, ukachanganywa na unga wa mawe, ukakandamizwa kwa moto. Siti binti Saad alipovuka bahari kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa ajili ya kampuni ya santuri ya HMV, sauti yake ilitiwa kwenye shelaki. Za babu yako bila shaka ni za ukoo huo.

Sasa nenda kwa seremala wa zamani umuulize polishi ya makabati aliipikaje. Atakwambia alikuwa akichukua vipande vya shelaki, vyembamba kama magamba ya samaki, anavitumbukiza kwenye spiriti, anafunika, na asubuhi anakuta maji ya rangi ya chai. Spiriti ndiyo inayoyeyusha shelaki. Ukiipaka kwenye santuri ya babu unaifanya santuri yenyewe kuwa polishi, na muziki uliochongwa juu yake unaondoka na kitambaa.

Hili nililijua kwa kuharibu. Nilipokuwa bado najifunza kazi, mzee mmoja wa mtaani kwetu aliniletea santuri yake ya taarabu niisafishe. Nikalowanisha pamba kwa spiriti nikaizungusha. Pamba ikatoka na rangi ya kahawia nzito, nami nikafurahi nikidhani ni uchafu wa miaka. Nikachukua pamba ya pili, ikatoka vilevile. Ya tatu nayo hivyohivyo. Uchafu una mwisho. Ule haukuwa na mwisho. Nilipoiinua kwenye mwanga wa dirisha, mng'ao ulikuwa umepotea kwenye ukanda wa upana wa kidole, pamefifia kama ubao uliopigwa msasa. Tulipoipiga, kila sindano ilipofika pale mwimbaji alizama kwenye mvumo. Mzee hakunigombeza. Aliifunga kwenye gazeti akaondoka nayo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuzitambua. Ya shelaki ni nzito, ngumu, na ukiigonga ukingoni kwa ukucha inalia kama kigae. Ya vinaili inatoa sauti iliyofifia, ya plastiki. Usijaribu kuikunja ili kuona kama inapinda. Ya shelaki itakatikia mkononi. Kuna na kabila la tatu ambalo linaweza kujificha kwenye makasha ya watu waliokuwa na jamaa redioni: chungulia kwenye tundu la katikati, na ukiona alumini inang'aa chini ya weusi, hiyo ilichongwa moja moja na imepakwa rangi laini tu juu ya bati. Hiyo usiioshe kwa chochote. Iweke kando.

Tuje kwenye hizi 55 za vinaili, ambazo ndizo zenye kazi kubwa.

Umesema zilikuwa hotelini, karibu na Mwaloni, na hapo umeshanipa nusu ya jibu. Uchafu wa santuri iliyokaa kabatini sebuleni ni vumbi. Uchafu wa santuri zako ni tabaka: mvuke wa mafuta ya kukaangia samaki umetua kwanza, juu yake masizi ya mkaa, juu ya masizi vumbi la barabarani, na juu ya vyote alama za vidole vya watu waliokuwa wanakula kwa mikono kisha wanainuka kubadilisha wimbo. Mafuta ndiyo gundi. Ukifuta bila maji unasaga mchanga ndani ya mfereji, ule mstari uliochongwa ambamo sindano hupita, na tena unaamsha umeme wa plastiki, ule unaosimamisha nywele za mkono, ambao unaita vumbi lingine kabla hujafunga kasha.

Na maji matupu hayafiki. Dondoshea tone juu ya santuri utaona: linajikusanya kama tone juu ya jani la myugwa. Mfereji wa LP una upana wa kama sehemu 5 za mia za milimita, mwembamba kuliko unywele, na maji yenye ngozi ngumu namna ile yanapita juu yake bila kuingia. Unahitaji kitu cha kulegeza ngozi ya maji na kushika mafuta. Kitu hicho ni sabuni, na ubishi wote ni sabuni gani, kiasi gani, na itatokaje.

Hilo la kutoka ndilo ninaloomba ulishike kuliko yote. Watu huuliza dawa inaondoa nini. Karibu zote zinaondoa uchafu. Mimi huuliza ikikauka inabakiza nini, kwa sababu chochote kilichomo kwenye chupa ambacho hakipai na hewa kitalala chini ya mfereji, kigande, na sindano itakikuta. Santuri nyingi nilizoletewa zikiwa "zimeoshwa" zilikuwa na kelele kuliko kabla ya kuoshwa, na kelele hiyo ilikuwa ya dawa yenyewe.

Unaweza kuliona hili mezani kwako bila kifaa chochote. Chukua kioo cha kujitazamia, kioshe, kikaushe kwa kitambaa kisafi. Dondoshea tone moja moja la kila kitu ulichoambiwa utumie, na pembeni weka karatasi inayoonyesha lipi ni lipi. Acha usiku kucha ndani ya nyumba, mbali na vumbi. Asubuhi kiinamishe kioo uelekee dirishani, utazame kwa upande. Nimelirudia kabla ya kukuandikia. Maji ya bomba yaliacha duara jeupe jembamba, kama alama ya glasi mezani. Maji ya kisima yaliacha duara nene linalokwaruza ukucha. Spiriti ya duka la dawa iliacha utando unaoteleza. Dawa ya kunawia mikono, ile ya kopo la pampu, haikuwa imekauka kabisa. Ilikuwa bado inanata. Maji ya betri nilihangaika kupata mahali yalipokuwa.

Tuanze na hayo maji. Sisi watu wa ziwa tuna bahati kidogo. Sehemu kubwa ya maji yanayoingia Ziwa Victoria ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na mito huchangia kidogo, kwa hiyo maji yake hayana chumvichumvi nyingi kama ya visima virefu vya huko bara. Kaka yako hajakosea kwamba maji ya bomba yanafaa: yanafaa kwa kuoshea na kwa suuza ya kwanza. Hayafai kwa suuza ya mwisho, kwa sababu yana dawa ya kusafishia maji, yana mabaki ya mwani, na yana lile duara jeupe. Kuyachemsha hakusaidii, maji yanapungua, chumvi inabaki palepale. Maji ya mvua ni mazuri ikiwa umeyakinga angani moja kwa moja, mvua ikiwa imeshanyesha muda na hewa imesafishika. Yaliyopita kwenye bati yameshabeba vumbi, kutu na vinyesi vya ndege.

Ya mwisho yawe maji ya betri, maana yake maji yaliyogeuzwa mvuke kisha yakapozwa, au yaliyochujwa mpaka hayana chumvi. Utayapata kwenye vituo vya mafuta na maduka ya vipuri. Ila hapa nakusihi uwe makini, kwa sababu baadhi ya mafundi magari wanaposema maji ya betri wanamaanisha asidi yenyewe, na chupa zinafanana. Soma lebo. Ukiwa na shaka, mimina kijiko kimoja kwenye sahani ya udongo, si kwenye kiganja, na nyunyizia magadi kidogo. Asidi itachemka povu papo hapo. Maji safi yatanyamaza. Usitumie hamira ya unga ya keki kwa jaribio hili, kwa sababu hiyo hutoa povu hata kwa maji matupu, utajitisha bure. Kama huna imani na duka lolote, kwenye duka la dawa kuna vichupa vya maji ya kuchanganyia dawa za sindano. Ni masafi kabisa, ila bei yake kwa ujazo iko juu, na hakikisha hupewi maji ya dripu, ambayo yana chumvi.

Sabuni. Ya unga hapana, na kaka asikasirike. Ndani yake mna magadi, chumvi za kujazia, manukato, na zingine zina chembe za kung'arisha nguo. Vyote hivyo vinataka ndoo na ndoo za kusuuza. Sabuni ya mche nayo hapana, kwa sababu ikikutana na chumvi ya maji hufanya utando mweupe, ule unaouona ukingoni mwa beseni. Chukua sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, isiyo na rangi kama utaipata, isiyo na harufu kali, isiyojigamba kulainisha mikono. Nusu kijiko cha chai kwa lita moja ya maji. Watu huogopa kwamba ni kidogo, wakaongeza. Povu likijaa beseni umeshazidisha, na utalipa kwenye suuza.

Maktaba kubwa zinazohifadhi santuri, kama Maktaba ya Bunge la Marekani, hutumia dawa ya kulowanisha inayoitwa Tergitol ndani ya maji yasiyo na chumvi. Ni aina ya sabuni isiyo na chaji ya umeme, haina manukato wala rangi, na inasuuzika kirahisi. Ukiwa na ndugu chuoni anayefanya kazi maabara, muulize. Njia ya karibu zaidi ni kwa wapiga picha wa zamani. Walipokuwa wakisafisha filamu walimalizia na dawa ya kuzuia matone, mojawapo ni Photo-Flo ya Kodak, na kazi yake ni ileile ya kulegeza ngozi ya maji. Kwa filamu ilichanganywa sehemu moja kwa 200. Kwa santuri nusu ya hapo inatosha. Nimewahi kupata chupa nzima ndani ya studio iliyofungwa, mwenyewe akidhani ni takataka. Uliza, haitakugharimu kitu.

Sasa spiriti, maana najua ndiyo iliyokuleta. Kwa vinaili, alkoholi iliyomo ndani yake ina kazi yake: inakata mafuta yaliyoganda, inaua kuvu, na inaharakisha kukauka. Tatizo ni chupa unayopewa. Spiriti ya kupaka kwenye ngozi mara nyingi hutiwa mafuta ya nyonyo ili isikaushe ngozi, na ndiyo maana iliacha utando kwenye kioo changu. Ile ya zambarau ya kuwashia taa ina rangi na vitu vilivyotiwa makusudi ili watu wasiinywe. Dawa ya mikono ina gliserini, ambayo haipai. Pombe kali ya dukani ina sukari au ladha zake. Inayofaa ni alkoholi iitwayo isopropili, ya asilimia 99, ambayo mafundi simu huoshea bodi. Pale mjini ukiingia kwa fundi simu anayejua kazi yake, atakuelekeza anakoinunua.

Hata hiyo usiitumie kavu. Changanya mililita 800 za maji ya betri na mililita 200 za isopropili, pimia kwa bomba kubwa la sindano la duka la dawa au chupa yenye alama. Hiyo ni sehemu moja kwa nne. Usizidishe, na usiiache ilale juu ya santuri, ipite, ifutwe. Na uitumie kwa santuri ambayo sabuni imeshindwa, basi. Kwa ninavyoona, nyingi za baba hazitaihitaji kabisa. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni, na unashika moto hata kwenye joto la kawaida la chumba, kwa hiyo siku hiyo jiko la mkaa likae nje, na madirisha yawe wazi.

Dawa ya vioo ya yule kijana, mwambie ahsante. Zina amonia au alkoholi, rangi na manukato, na zimetengenezwa kwa kitu kisicho na mifereji. Petroli, mafuta ya taa, thina na dawa ya kuondolea rangi ya kucha nazitaja kwa sababu nimeletewa santuri zilizopakwa kila kimoja. Thina na ile ya kucha zinayeyusha vinaili yenyewe. Mafuta ya taa yanabaki na kushika vumbi. Zile dawa za kupulizia bawaba na nati zinaifanya sahani ing'ae vizuri sana kwa macho, na zinaacha mafuta chini ya kila mfereji.

Namna ya kuosha ni hivi. Andaa beseni la sabuni, jagi la maji ya bomba, na chupa ya maji ya betri. Maji yawe ya baridi au ya uvuguvugu wa kumwogeshea mtoto; yakiwa moto, vinaili inapinda na haitarudi. Anza na santuri unayoipenda kidogo kuliko zote, ukosee hapo. Lebo ni karatasi na wino, na kwa santuri hizi lebo ndiyo cheti cha kuzaliwa: inakuambia bendi, mwaka mara nyingine, na kwamba ilikandamizwa Nairobi, maana santuri nyingi za bendi zetu zilitengenezwa kule. Kwa hiyo usizamishe sahani nzima. Ilaze juu ya taulo safi, lowanisha kitambaa laini kwa maji ya sabuni, kikamue kidogo, upake kwenye mifereji ukiishia unene wa kidole kabla ya lebo. Acha dakika moja mafuta yalegee. Kisha chukua brashi laini, ile pana ya kupakia rangi iliyo mpya inafaa, uizungushe kufuata mifereji, kama sindano inavyokwenda. Usikate kuvuka. Utaona maji yanageuka kijivu cha maji ya kuoshea sufuria; hayo ni masizi ya hoteli ya baba.

Suuza kwa maji ya bomba ukiwa umeishika ukingoni, imesimama, kiganja kimekinga lebo. Ikiwa bado unaona alama za vidole au utando wa mafuta, rudia sabuni. Ikiwa mafuta yametoka, endelea: kitambaa kingine, kisichowahi kuguswa na sabuni, chenye maji ya betri, mizunguko miwili. Vitambaa hivyo viwili visichanganywe. Hapo ndipo wengi hujikwaa. Wanasuuza kwa maji safi wakitumia kitambaa chenye sabuni.

Kaushia kwenye kichanja cha sahani, zimesimama, kivulini, ndani. Jua la saa saba litakupa sahani yenye mawimbi. Na ufanye kazi hii asubuhi, usiache zikauke usiku chini ya taa. Unawajua wale wadudu wadogo wanaoinuka ziwani kama moshi. Wakifuata taa wakatua kwenye santuri mbichi, mbawa zao zinagandia kwenye mfereji na itabidi uanze upya. Mimi ilinibidi.

Utakuta nyingine zina madoa meupe kama unga uliomwagika. Hiyo ni kuvu, na kwa kasha la bati lililokaa karibu na ziwa ingekuwa ajabu isiwepo. Vaa barakoa, zipeleke nje, zifute kwanza kwa kitambaa chenye unyevu ambacho utakitupa, kisha sabuni kama kawaida, halafu kwa hizo ndiyo utumie ule mchanganyiko wa isopropili, na umalizie kwa maji ya betri. Kasha lenyewe lioshe na ulianike juani kutwa nzima kabla ya kurudisha chochote.

Turudi kwa zile tisa za babu. Zinaoshwa, ila kwa upole zaidi. Alkoholi haramu, hilo tumemaliza. Amonia pia haramu, na vitu vyote vyenye ukali wa magadi, kwa sababu shelaki huyeyuka na kwenye magadi vilevile. Sababu nyingine ya kuikataa sabuni ya mche na ya unga. Matone mawili matatu ya sabuni ya vyombo kwenye nusu lita ya maji ya betri, kitambaa chenye unyevu tu, si cha kudondosha. Usizilowanishe muda mrefu, maana ule unga wa mawe ndani yake hunywa maji, hasa penye ufa au ukingo uliomeguka. Osha robo, suuza robo, kausha robo, uende inayofuata. Moja moja, na mezani pawe na blanketi chini.

Na zikishakuwa safi usizipige kwa sindano ileile ya LP. Mfereji wa 78 ni mpana. Sindano nyembamba inazama mpaka chini kabisa, inaburuza mchanga wa miaka na kukupa mvumo, halafu utanilaumu mimi na sabuni yangu. Sindano ya 78 ina ncha nene kama mara tatu au nne ya ile ya LP. Mashine nyingi za zamani zina kichwa cha kugeuza, upande mmoja 78, upande mwingine LP. Tazama yako kama ina kigeuzio pembeni ya kichwa.

Nikuambie pia ukweli ambao hakuna chupa itakayoubadilisha. Kelele nyingine si uchafu. Santuri iliyopigwa hotelini kila siku kwa sindano iliyochakaa imeliwa kuta zake, na ukiosha kuta zilizoliwa unapata kuta safi zilizoliwa. Utazijua: zikielekezwa kwenye mwanga zina weupe wa kijivu ambao hautoki, na sauti inapasuka pale mwimbaji anapopandisha. Kama ni Mbaraka Mwinshehe au Tabora Jazz, weka tu kwenye kasha. Watu wanaokusanya na kurekodi upya muziki huu wanaweza kuchukua upande huu kutoka kwako na ule kutoka kwa mwingine.

Bahasha usizitupe. Usizirudishie santuri pia, kwa sababu karatasi iliyokwisha kuota kuvu itarudisha kila ulichokiosha ndani ya mvua moja. Zianike kivulini, zipanguse kuvu kavu kwa brashi ukiwa nje, kisha uzilaze kati ya karatasi safi, moja moja, ndani ya bahasha kubwa za ofisini. Kila bahasha ya baba ipe namba kwa penseli kwenye kona, na namba hiyohiyo iandike kwenye bahasha mpya ya santuri yake, ili mwandiko na wimbo visipotezane. Bahasha mpya unaweza kuzikata mwenyewe kwa karatasi nyeupe isiyo na wino. Magazeti yanachafua, na mifuko laini ya nailoni inanata kwenye vinaili wakati wa joto. Zisimamishe kama vitabu, usizilaze, na usirudishe santuri ndani mpaka imekauka mpaka kwenye tundu. Igusishe shavuni: kama bado inakupa baridi ya unyevu, iache saa moja zaidi.